Hiyo ndizi ya ukutani ilitoka wapi? Mitindo ya sanaa ya Magharibi kwa lugha ya kawaida

Mwezi wa 11 mwaka 2024 ndizi moja iliyobandikwa ukutani kwa solotepu ya kijivu iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's, New York, kwa dola milioni 6.2. Mnunuzi ni tajiri wa sarafu za kidijitali anaitwa Justin Sun, na siku chache baadaye akaimenya akaila mbele ya waandishi wa habari kule Hong Kong. Tangu hapo kila kitu cha ajabu kikipita mtandaoni komenti ni zilezile, wazungu wamechanganyikiwa, huu ni utakatishaji fedha, mwanangu wa chekechea anachora vizuri kuliko huyu, na kuna mmoja anauliza kwa nia njema kabisa jamani hivi sanaa ni nini sasa? Afu anatokea mjuaji anajibu "hiyo ni sanaa ya kisasa, hamuwezi kuelewa" na mada inafia hapo.

Mnaweza kuelewa vizuri tu, ila lazima turudi nyuma kidogo. Kidogo kama karne tisa hivi.

Tuweke maneno sawa kwanza maana nusu ya vurugu inatokea hapo. Mtindo ni namna kazi inavyoonekana au inavyosomeka, yani matao yaliyochongoka, rangi za vidoavidoa, hadithi isiyo na mwanzo wala mwisho. Mkondo ni watu, kundi la wasanii wa kipindi kimoja wanaojuana, wanakaa mgahawa mmoja, wanakopana hela, wanagombana, na mara nyingi wana adui mmoja wa pamoja. Zama ni jina ambalo wanahistoria wanakuja kulibandika baadaye wakiangalia nyuma. Giotto, aliyepamba kuta za kile kikanisa cha Scrovegni pale Padova karibu na mwaka 1305, hakuamka asubuhi akasema mi ni mtangulizi wa Renesansi, hilo jina limekuja kuenea kwenye vitabu vya historia karne ya 19 huko. Na ile "sanaa ya kisasa" wataalamu wakiitaja hawamaanishi sanaa ya leo, wanamaanisha kipindi cha kuanzia kama miaka ya 1860 mpaka 1960 na kitu. Kwa hiyo picha nyingi "za kisasa" ni kongwe kuliko mipaka ya Tanzania na Kenya, Monet na wenzake walifanya maonyesho yao ya kwanza 1874, miaka kumi kabla ya wazungu kukaa Berlin kugawana bara letu. Ndizi haimo humo. Ndizi ni sanaa ya sasa hivi, ya watu walio hai.

Sasa jambo lenyewe. Hii mitindo watu wanaisoma kama orodha ya kukariri, Gothiki, Renesansi, Baroko, Ulimbwende, Uhalisia, na ndo maana inachosha, wakati ukweli ni kwamba yote ni ubishi mmoja mrefu. Umewahi kufika kijiweni ukakuta jamaa anapiga meza anasema "ndo maana nakwambia hata bure sichukui!" watu wanacheka mpaka machozi, na we umesimama tu na kahawa yako hujui kinachochekesha, kwa sababu hukumsikia aliyetangulia kusema? Basi ndizi ni sentensi ya mwisho ya ubishi wa namna hiyo, ukiisikia peke yake ni upuuzi mtupu. Maswali mawili yanasaidia kuufuata: huyu anamjibu nani, na nani anamlipa. La pili hilo watu wanalisahau sana, kama vile wasanii walikuwa wanakula hewa.

Kwa karne nyingi mlipaji mkubwa alikuwa kanisa. Miaka ya 1140 mkuu wa abasia, yani makao ya watawa, ya Saint-Denis karibu na Paris, anaitwa Suger, aliamua kulijenga upya kanisa lake liwe na mwanga, kwa imani yake mwanga ndo njia ya kumfikia Mungu. Mafundi wakatumia tao lililochongoka juu badala ya lile la duara. Tao la duara linasukuma ukuta kwenda nje kwa nguvu kwa hiyo ukuta lazima uwe mnene na madirisha madogo, lililochongoka linapeleka uzito chini zaidi, na ule msukumo unaobaki ukadakwa na mihimili ya mawe iliyotoka nje ya jengo kama mikono. Kuta zikabaki nyembamba, nafasi iliyopatikana ikajazwa vioo vya rangi vyenye hadithi za Biblia kwa watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Hiyo ndo Gothiki. Notre-Dame ya Paris ilianza kujengwa 1163 kwa mtindo huo, ile iliyoungua 2019 ikafunguliwa tena Desemba 2024, ingawa ule mnara mwembamba tuliouona ukianguka na moto laivu uliwekwa karne ya 19, haukuwa wa zamani hivyo kama wengi walivyolia. Na kama uko Dar nenda kaangalie Kanisa la Mtakatifu Yosefu pale mbele ya bandari, wamisionari wa Kijerumani walilimaliza 1902, matao yake ni mtindo huohuo uliosafiri baharini ukiwa na umri wa miaka mia saba na zaidi.

Jina Gothiki lilikuwa tusi. Waitalia wa karne ya 16, akiwemo Vasari aliyeandika maisha ya wasanii mwaka 1550, waliona yale majengo ni kazi ya washenzi, ndo wakawasingizia Wagothi, kabila lililosaidia kuiangusha Roma na ambalo halikuhusika kabisa na hayo makanisa. Shika hilo, matusi yatajirudia.

Hao Waitalia walikuwa na jeuri kwa sababu walikuwa na hela. Florence ilijaa wafanyabiashara wa nguo na mabenki, familia ya Medici ndo inayotajwa zaidi, na mtu mwenye benki anataka jina lake libaki. Magofu ya Roma ya kale walikuwa nayo hapohapo, wakaanza kuyapima na kuyaiga. Brunelleschi akaonyesha mapema karne ya 15 jinsi mistari yote inayokwenda mbali inavyoweza kukutana kwenye nukta moja, ukuta bapa ukaonekana kama dirisha unalochungulia, na huyohuyo ndo aliyelifunika kanisa kuu la Florence kwa kuba kubwa lililokamilika 1436. Baadaye Papa Julius wa Pili akamwita Michelangelo apake dari la Sistina, kikanisa cha Papa kule Vatikani, kazi ya 1508 mpaka 1512. Hiyo ndo Renesansi.

Hapa kuna dhana potofu inayopendwa sana, kwamba kabla ya Renesansi watu hawakujua kuchora. Angalia picha yoyote ya enzi za kati, mtakatifu ni mkubwa, mfadhili aliyelipia picha kapiga magoti chini pale ni mdogo kama mtoto. Mchoraji alikuwa anapima cheo, umbali haukumhusu. Swali lake lilikuwa jingine, na jibu lake ni sahihi kwa swali lake.

Baroko nitaipitia haraka. Martin Luther alianza vita yake 1517, Wakatoliki wakajipanga, na mtaguso wao wa Trento, yani mkutano mkuu wa maaskofu, ulipoisha 1563 wakasisitiza kwamba sanaa iwaguse waumini moyoni. Ndo ukapata mchoraji Caravaggio na watakatifu wake wenye miguu michafu wanaochomoza kwenye giza, ukapata mchongaji Bernini anayelifanya jiwe lionekane kama shuka. Kumbe kule Uholanzi makanisa ya Kiprotestanti yametolewa picha zote, mchoraji atakula wapi? Akawauzia wafanyabiashara. Wakachora samaki mezani, maua, mwanamke anamimina maziwa. Karne moja, bara moja, mitindo miwili tofauti kwa sababu waliofungua pochi walikuwa tofauti. Afu karne ya 18 wakachoka na mbwembwe za Baroko wakarudi tena kwenye nguzo za Ugiriki na Roma, huo ndo urasimi mpya, na ndo maana Bunge la Marekani lina nguzo na kuba kama hekalu.

Halafu unakuja Ulimbwende, ambao watu wengi wakisikia jina lake la kizungu, Romanticism, wanadhani ni mapenzi, mishumaa na maua. Hapana. Mwaka 1798 vijana wawili wa Kiingereza, Wordsworth na Coleridge, walitoa kitabu cha mashairi yanayozungumzia watu wa kawaida kwa lugha ya watu wa kawaida, wakati viwanda vinafuka moshi na kila msomi anaimba akili, akili, akili. Walimbwende wakauliza na hofu je? na ndoto, na dhoruba, na usiku? Goya akachora wanajeshi wa Napoleon wakiwapiga risasi raia wa Madrid, hakuna ushujaa pale, kuna mtu kanyanyua mikono tu na taa imemmulika. Mary Shelley akiwa binti mdogo kabisa akaandika kuhusu mwanasayansi anayetengeneza kiumbe afu anakikimbia, kitabu kilitoka 1818. Mapenzi yamo pia lakini ni sehemu ndogo.

Waliofuata wakasema dhoruba zenu zimetosha, mkulima yuko wapi? Hao ndo watu wa Uhalisia. Courbet alipeleka kwenye maonyesho makubwa ya Paris picha ya mazishi ya kijijini kwao Ornans yenye upana wa zaidi ya mita 6, na watu wakakasirika kwelikweli, kwa sababu ukubwa ule ulikuwa wa wafalme na vita na watakatifu, sio wa wanakijiji wenye pua nyekundu. Kwenye fasihi Flaubert alishtakiwa 1857 kwa riwaya ya mke wa daktari wa mashambani anayechoshwa na ndoa yake, wakasema inaharibu maadili, akaachiwa, na kitabu kikauzika vizuri zaidi. Wanafunzi wetu wanaosoma tahakiki wanalijua neno uhalisia, ila mara nyingi wanafundishwa kama vile ni "kuandika ukweli" tu, wakati mwanzoni lilikuwa ugomvi wa nani anastahili kuchorwa na kuandikwa.

Sasa hapa ndo mambo yanapinduka. Mwaka 1839 Daguerre alitangaza kamera yake Paris. Fikiria umetumia miaka kumi kujifunza kuchora sura ya mtu ifanane naye, ndo riziki yako, afu kinakuja kisanduku kinafanya hiyo kazi kwa dakika chache na bei inashuka kila mwaka. Utafanya nini? Wengi wanasema kamera iliua uchoraji, mi naona iliutoa kwenye kazi ya utumwa, kwa sababu kuanzia hapo mchoraji alilazimika kujiuliza kitu gani naweza mimi ambacho kile kisanduku hakiwezi. Na kamera za mwanzo hazikuwa na rangi.

Ongeza na vitu vidogo viwili ambavyo havitajwi sana. Mmarekani anaitwa John Goffe Rand alisajili 1841 mirija ya bati ya kuwekea rangi, kama ya dawa ya meno, kabla ya hapo rangi za mafuta ziliwekwa kwenye vibofu vya nguruwe, zinapasuka, zinakauka, hazibebeki kirahisi. Na treni zikaanza kutoka Paris kwenda mashambani na pwani. Mchoraji anapanda treni asubuhi na mirija yake mfukoni, anachora nje, jua linahama, inabidi awe na haraka, mipigo ya brashi inabaki wazi. Kwa hiyo ule mtindo wa vidoavidoa ulikuja na bati na reli, haukushuka tu kama ufunuo.

Tatizo likawa mlangoni. Paris ilikuwa na maonyesho rasmi moja makubwa, yanaitwa Salon, na jopo la wazee wanaoamua nani aingie, ukikataliwa hapo huuzi. Mwaka 1863 walikataa kazi nyingi mpaka kelele zikamfikia mfalme Napoleon wa Tatu, akaamuru zilizokataliwa zionyeshwe pembeni watu wajionee, na watu walienda kwa wingi, wengi wao kucheka. Miaka 11 baadaye, Aprili 1874, kundi la akina Monet, Renoir, Degas, Pissarro, Berthe Morisot na Cézanne wakasema hatuhitaji jopo, wakakodi iliyokuwa studio ya mpigapicha Nadar wakaonyesha wenyewe. Monet alikuwa na picha ya bandari ya Le Havre alfajiri, ukungu na jua la rangi ya chungwa, akaiita Impression, yani ile hisia ya kwanza jicho linayopata. Mwandishi wa gazeti la vichekesho, Louis Leroy, akalidaka jina akaliandikia kejeli kwamba hata karatasi ya ukutani ambayo haijamalizika imekamilika kuliko hiyo picha. Kejeli ikageuka jina la mkondo: Impreshonisti. Leo watu wanapanga foleni kuziona na zinachapwa kwenye kalenda, na hakuna anayemkumbuka Leroy kwa kitu kingine chochote.

Baada ya hapo kila kitu kinaenda mbio. Mwaka 1905 Matisse na wenzake wakapaka uso wa mtu kijani, mkosoaji Louis Vauxcelles akawaita wanyama wa porini, nalo likawa jina lao, Fovu. Huyohuyo Vauxcelles 1908 akalalamika kwamba Braque anachora maboksi tu, ikazaliwa Kyubizimu. Jamaa alikuwa anatukana na kubatiza kwa wakati mmoja.

Kwa Picasso nitakaa kidogo kwa sababu ndo anayetukanwa kuliko wote na pia ndo anayetugusa. Wanasema hakujua kuchora. Alizaliwa 1881, na akiwa na miaka 15 alikuwa tayari amechora picha ya komunyo ya kwanza ambayo kitambaa cheupe cha binti pale unaweza kukihesabia mikunjo, ipo makumbusho ya Barcelona. Alijua. Aliacha kwa makusudi. Alichokuwa anakitafuta ni hiki: ule mtindo wa Brunelleschi unakulazimisha usimame sehemu moja ufumbe jicho moja, lakini binadamu haangalii hivyo, ukimwangalia mtu unamzunguka, unaona pua ya mbele na sikio la pembeni, unakumbuka kisogo chake. Je naweza kuviweka vyote kwenye kitambaa kimoja? Hilo ndo swali la Kyubizimu, na ukilijua, zile sura zenye macho mawili upande mmoja zinaanza kusomeka.

Na jibu alilipata wapi? Sehemu kubwa kwa Cézanne. Sehemu nyingine Afrika. Mwaka 1906 Matisse alinunua sanamu ndogo ya Wavili wa Kongo akamwonyesha, na 1907 Picasso alikwenda makumbusho ya Trocadéro pale Paris akakuta vinyago kutoka makoloni vimejazana, na mwaka huohuo akamaliza ile picha ya wanawake watano wa danguro, wawili wana nyuso ambazo wengi wanaona ndani yake vile vinyago. Wachongaji wa Afrika ya magharibi na kati walikuwa siku zote wanajua kwamba uso unaweza kujengwa kwa maumbo, jicho likawa mrija, paji likawa nusu ya mpira, na hawakuona haja ya kuomba ruhusa kwa nukta moja ya kukutania mistari. Kwa hiyo mtu akikwambia sanaa ya Kiafrika ilikuwa "bado haijaendelea" mkumbushe kwamba moja ya mapinduzi makubwa ya Ulaya yalifanyika kwa kuiangalia. Kinachouma ni kwamba majina ya waliochonga hayakuandikwa, kibandiko kinataja kabila na koloni basi, wakati ya Picasso hata risiti zimehifadhiwa.

Tukaribie ndizi. Mwaka 1914 Ulaya iliingia vitani, ile Ulaya ya akili na makumbusho na vyuo vikuu, na mamilioni ya vijana wakafa kwenye mahandaki. Februari 1916 wakimbizi kadhaa wa vita, washairi na wasanii, wakafungua klabu ndogo Zürich, Uswisi, nchi isiyopigana, wakawa wanapanda jukwaani na kusoma mashairi ya sauti zisizo na maana, wamevaa maboksi. Wakajiita Dada, na hapana, halihusiani na dada wa mtu yeyote. Hoja yao ilikuwa kama akili na utamaduni wenu vimetufikisha hapa, basi chukueni upuuzi, angalau upuuzi hauui.

Mwaka uliofuata, New York, Mfaransa Marcel Duchamp alichukua choo cha ukutani cha wanaume cha kukojolea, kipya kabisa cha dukani, akakilaza chali, akakisaini R. Mutt 1917, akakiita Chemchemi na kukipeleka kwenye maonyesho ya chama ambacho yeye mwenyewe alikuwa kwenye bodi yake, chama kilichojitapa kwamba ukilipa ada ya dola 6 kazi yako inaonyeshwa, hatuna jopo. Ulisoma pale juu kuhusu jopo la Paris? Hao walikuwa wanajifanya wameshinda ile vita. Duchamp akawatega, wakanasa, wakakataa kukionyesha. Choo chenyewe kilipotea, kimebaki kwenye picha aliyopiga Stieglitz, na vile vilivyoko makumbusho leo ni nakala zilizotengenezwa miaka mingi baadaye kwa idhini yake. Hoja haikuwa kwamba choo ni kizuri. Alikuwa anauliza nani anaamua kitu hiki ni sanaa, mkono uliokitengeneza, jicho linalokiangalia, au mlango wa makumbusho? Miaka mia na zaidi imepita na bado watu wanarusha mawe kumjibu.

Kutoka hapo njia ni fupi. Warhol 1962 akaonyesha picha 32 za makopo ya supu, kwa sababu dukani ndo kulikuwa kanisa jipya la Marekani. Miaka ya 1960 hiyohiyo wakaibuka wasanii wa dhana, Sol LeWitt akaandika 1967 kwamba wazo ndo kazi yenyewe, utekelezaji unaweza kufanywa na mtu mwingine. Ndizi ya Maurizio Cattelan ilipoonyeshwa mara ya kwanza Miami Desemba 2019 iliuzwa kwa dola 120,000, na kilichouzwa ni cheti pamoja na maelekezo ya namna ya kuibandika. Ndizi ikioza unanunua nyingine sokoni. Kwa hiyo Justin Sun alivyoila hakuharibu kitu, alikula tunda la kawaida tu, cheti anacho.

Je ni nzuri? Mi binafsi naiona ni utani mmoja uliokuja umechelewa, Duchamp alishausema vizuri zaidi 1917. Lakini ni utani unaoeleweka. Na kuhusu bei, tutenganishe, maana bei ni habari ya mnada, watu wawili wenye hela wakitaka kitu kimoja mbele ya kamera. Utakatishaji fedha kwenye soko la sanaa upo na serikali za Ulaya zimetunga sheria za kuubana, lakini picha ya maua ya karne ya 17 inaweza kutakatishia pesa sawasawa na ndizi, huo ni uhalifu wa wauzaji na wanunuzi, hautokani na mtindo. Na yule mtoto wa chekechea, ndiyo, anaweza kubandika ndizi. Ila asingekuwa anamjibu mtu.

Kwenye majengo ubishi ni uleule ila hapa huwezi kuzima simu ukauepuka maana unaishi ndani yake. Baada ya vita ya kwanza Walter Gropius alifungua shule ya Bauhaus pale Weimar 1919, wazo ni kwamba zege, chuma na kioo ni vitu vipya, kwa nini tuvivishe nguzo za Kigiriki za uongo? Jengo lionyeshe linavyofanya kazi, mapambo toa. Huo ndo usasa wa majengo. Wanazi wakaibana mpaka ikafungwa 1933 na walimu wake wakatawanyika. Mjerumani mwingine wa usasa huohuo, Ernst May, aliyekuwa amejenga mitaa mizima Frankfurt, alijikuta Tanganyika 1934 analima, baadaye akarudi kwenye usanifu akiwa Nairobi na akapanga upanuzi wa Kampala. Usasa ukaja kupendwa na nchi zilizopata uhuru kwa sababu inayoeleweka, haukunuka mkoloni kama zile nguzo na matao. KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi, ilikamilika 1973, wasanifu wake ni Mnorwe Karl Henrik Nøstvik na Mkenya David Mutiso. Soko la Kariakoo, Dar, ni la Beda Amuli, msanifu Mtanzania, lilifunguliwa 1975, na ile miamvuli yake ya zege ni usasa unaojua kuna jua na mvua. Majengo mengi ya enzi zile yana matofali ya matundu na vizuia jua madirishani, upepo unapita. Linganisha na maghorofa ya kioo kitupu tunayojenga sa hivi kwenye nyuzi joto 32, bila kiyoyozi ni oveni, hao sijui wanabishana na nani.

Usasa wa majengo nao ukapata wapinzani. St. Louis, Marekani, mradi wa nyumba za watu wa kipato cha chini unaitwa Pruitt-Igoe, maghorofa 33 yanayofanana, ulianza kulipuliwa 1972 na wakosoaji wakasema usasa umekufa. Wengine wakajibu kwamba zege halikuwa na kosa, kosa ni kuwanyima matengenezo watu maskini, wengi wao weusi. Naegemea hao wa pili.

Fasihi imalizie. Mwaka 1922 zilitoka kazi mbili zilizovunja meza, shairi refu la T. S. Eliot lililojaa vipande vya sauti na lugha tofauti, na riwaya ya James Joyce inayofuata watu wa Dublin kwa siku moja tu, 16 Juni 1904, kwa kuingia ndani ya vichwa vyao mawazo yanavyoruka. Ni Kyubizimu ya maneno, hakuna msimulizi mmoja aliyesimama sehemu moja akikuonyesha kila kitu. Na ushairi usiofuata vina, ambao ulishaanza karne ya 19, ukawa ndo kawaida ya washairi wengi wa kizungu.

Huo moto ulifika kwetu na ukawaka haswa. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, mashairi bila vina na mizani, wanamapokeo walikuja juu. Kwa sheria zilizokuwa zimeandikwa na Kaluta Amri Abedi miaka ishirini nyuma, vina na mizani ndo shairi lenyewe, na lililokosa arudhi, yani hizo kanuni, linaitwa guni, yani lina kasoro. Wakasema hayo ni maandishi ya kizungu yaliyokatwa mistari. Washairi Mulokozi na Kahigi wakasimama upande wa usasa, na hoja yao ilikuwa kali, kwamba nyimbo nyingi za asili za Kiafrika hazina vina na bado ni ushairi, kwa hiyo nani hapa anayeiga wageni? Wamebishana magazetini, vyuoni, kwenye utangulizi wa diwani, kwa miaka na miaka. Leo mwanafunzi wa sekondari anafundishwa shairi la kimapokeo na shairi la kisasa kama aina mbili tu za kujibia mtihani, na wengi hawajui kwamba kulikuwa na watu waliogombana kweli kwa ajili ya hayo.